Maswali ya Wasomaji: Kupima Mionzi na Kuieleza

Mwezi uliopita safu hii ilijibu swali moja fupi kuhusu watu wanaopima mionzi hospitalini na viwandani, na tangu hapo barua juu ya kazi hiyo hazijakoma. Wengi wanauliza jambo lile lile kwa njia mbalimbali: inawezekanaje mtu mmoja awe mwanasayansi wa mionzi na afya, na wakati huo huo awe msemaji anayeeleweka mbele ya wananchi? Nimechagua barua tano. Mimi ninayezijibu nilianza kazi katika chumba cha vipimo na baadaye nikajikuta mbele ya vipaza sauti, kwa hiyo msomaji asishangae akiona nawapendelea wale waliopitia njia hiyo.

Shikamoo mwalimu. Ninasoma shahada ya fizikia, mwaka wa pili, na ni msichana pekee katika darasa letu. Vilevile ninaendesha kipindi cha sayansi katika redio ya wanafunzi. Mkuu wa idara ameniambia nichague moja, ama sayansi ama utangazaji. Je, kazi ya mionzi na afya pamoja na kuwaelimisha watu ni kazi kweli, au ni jambo la ziada tu? Na kama ipo, nisome nini?

Marahaba, mwanangu. Ni kazi kamili, ila haina mlango mmoja wenye kibao. Utaikuta katika mamlaka zinazodhibiti matumizi ya mionzi, katika hospitali zenye idara za radiolojia na za tiba ya saratani, katika vyuo na taasisi za afya ya jamii, na katika mashirika ya kimataifa. Ukiwa bado mgeni wa fani, jifunze mapema nani hufanya nini, kwa sababu hata waandishi wazoefu huyachanganya. Kamati ya Kisayansi ya Umoja wa Mataifa kuhusu Athari za Mionzi ya Atomiki, iliyoundwa mwaka 1955, huchambua ushahidi na kusema mionzi imefanya nini kwa afya za watu. Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi, yenye asili yake mwaka 1928, huupokea ushahidi huo na kupendekeza namna ya kujikinga. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lililoanzishwa mwaka 1957 na lenye makao Vienna, huandika viwango vya usalama, na sheria yenyewe hutungwa na kila nchi. Msemaji asiyeijua tofauti hiyo huulizwa swali la pili akakwama.

Kuhusu masomo, maliza fizikia yako na usihamie kwingine. Baada ya hapo kuna njia tatu ninazozifahamu vizuri. Ya kwanza ni uzamili wa fizikia ya tiba, ambao ukitaka kufanya kazi na wagonjwa hufuatwa na mafunzo ya vitendo hospitalini yasiyopungua miaka miwili. Ya pili ni kinga ya mionzi, na hapo Shirika la Nguvu za Atomiki huendesha kozi ya baada ya shahada katika vituo vya kanda mbalimbali za dunia. Ya tatu ni epidemiolojia, yaani elimu ya kufuatilia magonjwa katika makundi makubwa ya watu, na mimi huiona kuwa ndiyo iliyosahaulika zaidi na wanafizikia, ingawa karibu kila tunachojua kuhusu mionzi na saratani kwa binadamu kimetoka huko. Kwa kuwa wewe ni msichana, fuatilia pia ufadhili uliopewa jina la Marie Skłodowska-Curie, ambao shirika hilo hilo liliuanzisha mwaka 2020 kwa ajili ya wanawake wanaosomea uzamili katika fani za nyuklia.

Mkuu wako wa idara nadhani anakosea, lakini kosa lake lina ukweli ndani yake. Anaogopa usije ukawa mtu wa kusema tu, na hofu hiyo ninayo mimi pia. Nitakusimulia jambo lililonipata katika mwaka wangu wa tatu kazini. Nilitumwa kuzungumza na wakazi waliokuwa wakiishi jirani na jengo ambamo mashine ya tiba ya mionzi ilikusudiwa kufungwa. Nilifika mapema, nikaweka kipima mionzi mezani, nikakiwasha ili kuhakikisha betri iko sawa. Kikaanza kulia: tik, kimya, tik-tik, tik. Hapakuwa na chanzo chochote cha mionzi ndani ya ukumbi. Kifaa kilikuwa kinahesabu mionzi ya asili, ile itokayo ardhini, ukutani, angani na ndani ya miili yetu wenyewe, ambayo kwa wastani humpa kila mtu duniani dozi ya takriban milisiveti 2.4 kwa mwaka (milisiveti ni kipimo kinachokadiria madhara ya mionzi mwilini). Kwangu mimi ilikuwa kama mlio wa saa ya ukutani. Mzee mmoja wa safu ya mbele aliisikia vingine. Alisimama, akamshika mjukuu wake mkono, akatoka, na karibu theluthi ya ukumbi ikamfuata kabla sijafungua kinywa.

Nilirudi ofisini nikilalamika kwamba watu hawataki kuelimishwa, mpaka mkubwa wangu wa kazi aliponiuliza swali moja tu: kabla ya kuwasha, uliwaambia kitalia? Siku hizi sikiwashi mimi. Nampa mtu wa kwanza anayenyoosha mkono, namwonyesha kitufe, namwambia kitalia kwa sababu mionzi ya asili ipo kila mahali, kisha tunahesabu pamoja milio ya dakika moja ukutani, dirishani na nje uwanjani. Idadi hazilingani, na mjadala huanzia hapo, nao wenyewe ndio wanaouanzisha.

Angalia kwamba nisingeweza kufanya hivyo kama sikuwa nimekishika kifaa kile miaka mitatu na kujua kwa nini idadi hubadilika. Mtu aliyekariri sentensi za kueleza mionzi huishiwa maneno pale kipimo kinapotoa kitu asichokitarajia. Ndiyo maana nakushauri uanze na vipimo, kisha masomo ya mawasiliano ya hatari, ambayo siku hizi hufundishwa kama fani yenye utafiti wake. Anza na Paul Slovic, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1987 alichapisha katika jarida la Science makala kuhusu namna watu wanavyoiona hatari. Moja ya mambo aliyoyaonyesha ni kwamba watu huiogopa mno nishati ya nyuklia ilhali eksirei huwapa hofu kidogo sana, ingawa zote mbili ni habari ya mionzi. Ukielewa kwa nini, umepiga hatua kubwa.

Na redio usiiache. Jipe zoezi moja kila wiki: eleza dozi ya kipimo fulani kwa dakika moja, bila kulitamka neno milisiveti hata mara moja, kisha mpe mwanafizikia mwenzako akusikilize na aseme kama umedanganya.

Salaam. Mimi ni mpiga picha za eksirei kwa mwaka wa nane sasa. Kila siku wagonjwa huniuliza kama mionzi ina madhara, nami huwajibu "usijali, ni kidogo". Jibu hilo limenichosha, na naona hata wao haliwatoshi. Ningependa kuhamia kwenye elimu kwa umma, ila nina stashahada tu. Nina nafasi? Na jibu linalofaa ni lipi?

Dada yangu, una kitu ambacho wenye shahada za uzamivu wengi hawana: umeulizwa swali hilo maelfu ya mara, na watu waliokuwa wamevua mashati wakisubiri kupigwa picha. Kuanzia kesho, weka daftari dogo kwenye chumba cha mashine na uandike maswali kama yalivyotamkwa, bila kuyasafisha na bila jina la mtu yeyote. Baada ya miezi sita utakuwa na hazina ambayo mtaalamu yeyote wa mawasiliano angeitamani.

Neno "usijali" lina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba ni amri. Mtu ameuliza habari akapewa agizo kuhusu moyo wake. "Ni kidogo" nalo halina maana mpaka useme kidogo kuliko nini. Picha ya kifua humpa mtu dozi ya kati ya milisiveti 0.02 na 0.1, yaani kiasi ambacho angekipata kwa mionzi ya asili katika muda wa siku tatu hadi wiki mbili. Hilo mgonjwa analielewa. Kipimo cha CT cha tumbo, yaani eksirei nyingi zinazounganishwa na kompyuta kuwa picha moja, ni habari nyingine, kwa sababu hufika milisiveti 7 hadi 10, yaani miaka mitatu au minne ya mionzi ya asili, na mgonjwa akiambiwa vyote viwili ni "kidogo" tu, kisha akakuta tofauti hiyo kwenye simu yake, hatakuamini tena hata ukimwambia jua linawaka. Mwambie pia faida yake: daktari anatafuta nini, na bila picha angelazimika kubahatisha nini.

Akitaka kujua hatari yenyewe, usimkwepe. Makadirio yanayotumika katika kinga ya mionzi huchukulia kwamba kila dozi, hata ndogo, huongeza uwezekano wa saratani kwa kadiri yake, na kwa hesabu hiyo dozi ya milisiveti 10 huongeza takriban kifo 1 kwa kila watu 2,000 waliopimwa. Weka namba hiyo kando ya ukweli kwamba karibu mtu 1 kati ya 5 hupata saratani maishani mwake hata bila kipimo chochote. Ni makadirio ya tahadhari, kwa kuwa katika dozi ndogo namna hiyo athari haiwezi kuonekana moja kwa moja, na hilo nalo liseme. Usichokifanya ni kulinganisha na sigara au ajali za barabarani. Nimewahi kufanya hivyo, na mgonjwa akanijibu kwamba sigara angeichagua mwenyewe.

Kuna jambo lililo zito kuliko namba. Mwanamke mmoja aliniletea karatasi ya kipimo chake: alikuwa amepigwa picha ya kifua akiwa na mimba ya wiki sita bila kujua. Nilifurahi, kwa kuwa nilikuwa na jibu zuri, nikamweleza kwa ufasaha kwamba dozi iliyomfikia mtoto iko chini ya miligrei 0.01 (miligrei hupima nishati ya mionzi iliyoingia mwilini). Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameikunja ile karatasi mara nne, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Kwa hiyo nimtoe?" Jamaa yake alikuwa amemwambia hivyo siku mbili zilizopita, na kumbe muda wote niliokuwa nahesabu yeye alikuwa akisubiri hukumu. Jibu lake lilikuwa hapana, na lingepaswa kuwa neno langu la kwanza. Ushauri wa Tume ya Kimataifa uko wazi kwamba dozi iliyo chini ya miligrei 100 kwa mtoto aliye tumboni si sababu ya kutoa mimba, na ile yake ilikuwa ndogo kuliko kiasi hicho zaidi ya mara elfu kumi. Tangu siku hiyo, kabla ya kumpa mtu namba yoyote, humwuliza: umeambiwa nini mpaka sasa?

Utagundua pia kwamba lugha yetu yenyewe ina mitego. Tunasema mtu "amepigwa" eksirei na mwingine "amechomwa" mionzi, kisha tunashangaa wakiogopa. Vazi la kinga tunaliita aproni ya risasi, na nimemwona mgonjwa akirudi nyuma hatua mbili aliposikia neno hilo, kwa sababu risasi aliyoijua yeye ni ile ya bunduki. Siku hizi husema "vazi zito lenye madini ya risasi" huku nimelishika mkononi alione. Wewe unayeyasikia maneno hayo kila siku ndiye mwenye uwezo wa kuyachuja.

Stashahada si kizuizi ila itabidi uiongezee. Omba kwanza upewe jukumu la kinga ya mionzi katika idara yako, hata kama ni la kusimamia beji zinazopima dozi ya wafanyakazi na rekodi zake tu, kisha utafute shahada kwa masomo ya jioni au ya masafa. Ukifika kwenye usaili, nenda na lile daftari.

Ndugu mwandishi, binti yangu amepata nafasi ya kusomea kinga ya mionzi. Ndugu zangu wanasema hatazaa na kwamba atakufa kwa saratani kama waliomtangulia. Nimruhusu?

Mzee wangu, ndugu zako hawakuizua hofu hiyo. Röntgen aligundua eksirei mwezi Novemba 1895, na kwa miaka mingi baadaye madaktari walizijaribu mashine kwa kuweka mikono yao wenyewe mbele yake; wengi walipoteza vidole, baadhi maisha. Marie Curie alifariki mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa na mionzi aliyoifanyia kazi. Huko Marekani, wasichana waliopaka rangi yenye radiamu, madini yatoayo mionzi, kwenye nyuso za saa waliagizwa kuinyoosha ncha ya brashi kwa midomo, na radiamu ikaingia katika mifupa yao. Vifo vyao ni sehemu ya sababu iliyofanya fani anayoisomea binti yako izaliwe.

Leo kiwango kinachopendekezwa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka katika kipindi cha miaka 5, bila kuzidi 50 katika mwaka wowote mmoja, na wafanyakazi wengi wa hospitali hupata chini ya milisiveti 1. Ili mwanamke apoteze kabisa uwezo wa kuzaa, mayai yake lazima yapate dozi ya ghafla inayohesabiwa kwa grei nzima (grei moja ni miligrei 1,000), yaani zaidi ya mara mia ya kikomo cha mwaka. Akipata mimba akiwa kazini na akamjulisha mwajiri, hupangiwa kazi kwa namna ambayo mtoto hatapata zaidi ya milisiveti 1 katika muda uliobaki. Tena, watoto waliozaliwa baadaye na manusura wa Hiroshima na Nagasaki wamefuatiliwa kwa miongo mingi, na ongezeko la magonjwa ya kurithi halijaonekana kwao.

Sisemi hatari ni sifuri. Wanaofanya kazi karibu na mgonjwa mashine ikiwa imewaka, kama katika vyumba vya kuzibua mishipa ya moyo, hupata dozi kubwa kuliko wengine, na macho yao yaliwahi kudhurika kiasi kwamba mwaka 2011 Tume ya Kimataifa ilishusha kikomo cha lenzi ya jicho kutoka milisiveti 150 hadi wastani wa 20 kwa mwaka. Kwa hiyo akianza kazi, muulize kuhusu beji ya dozi: anaivaa kifuani kila siku, na matokeo yake anaoneshwa? Nimewahi kukagua idara moja ambamo rekodi za dozi zilikuwa safi mno, nikaja kukuta beji zote zimelala kwenye droo moja, na kwa miezi saba zilikuwa zikipima droo.

Kuhusu ruhusa, aliyefikia umri wa chuo anahitaji zaidi baraka zako.

Mimi ni fundi mitambo ya simu. Je, mtaalamu wa mionzi na afya ndiye anayehusika na minara, au ni fani nyingine?

Anahusika, na atakuwa akiulizwa habari hiyo kuliko nyingine zote. Tatizo linaanzia kwenye neno: kwa Kiswahili "mionzi" ni ya jua, ya simu, ya eksirei na ya bomu. Mawimbi ya simu hayana nguvu ya kung'oa elektroni katika atomu za mwili, na hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yake na eksirei. Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba yakiwa makali hupasha joto, na viwango vya kimataifa vimewekwa kuzuia hilo. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliyaweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kundi ambalo huonyesha ushahidi wenye mipaka na halisemi chochote kuhusu ukubwa wa hatari. Uchambuzi mpana uliochapishwa mwaka 2024 haukukuta uhusiano kati ya simu za mkononi na saratani ya ubongo. Wewe unayepanda minara una jambo la kuangalia kuliko mkazi aliye chini: usisimame mbele ya antena iliyowashwa.

Ndugu mhariri wa safu, nimeandika habari za afya kwa miaka kumi na miwili na sikusoma fizikia baada ya sekondari. Naweza kuingia katika kazi hii? Na ikitokea ajali ya mionzi, mtu wa mawasiliano hufanya nini hasa?

Unaweza, kwa sharti la kukubali kukaa darasani tena na kumwona mpimaji akipima. Huhitaji kuwa mwanafizikia, ila unahitaji kujua vitu vichache kwa undani: kwamba bekereli huhesabu atomu zinazovunjika kila sekunde, grei hupima nishati iliyoingia mwilini, na siveti hujaribu kukadiria madhara, na kwamba namba ya bekereli inaweza kuwa kubwa ya kutisha ilhali dozi ni ndogo. Mwili wako wewe mwenyewe una bekereli 4,000 hivi za potasiamu asilia, na ukiandika hivyo tu, bila neno jingine, unaweza kuukimbiza mji mzima.

Ajali hufundisha zaidi kuliko darasa. Mwaka 1979, mtambo wa Three Mile Island nchini Marekani ulipoharibika, wasemaji walikuwa wengi na kauli zikapingana, hata ikatokea watu wapatao 140,000 kuondoka wakati wajawazito na watoto wadogo tu, tena wa maeneo ya karibu, ndio walioshauriwa kuondoka. Hali ilianza kutulia pale mhandisi mmoja, Harold Denton, alipopelekwa na Rais Carter na kuwa sauti moja ya mambo ya kiufundi. Alikuwa mtu wa vipimo aliyezungumza polepole, na hakuchukia kusema kwamba jambo fulani bado halijajulikana.

Ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, katika Umoja wa Kisovieti wa wakati huo, tarehe 26 Aprili 1986, ni mfano wa kinyume chake. Wakazi wa mji jirani wa Pripyat walihamishwa siku iliyofuata, na umma wa Kisovieti ulipata tangazo fupi jioni ya tarehe 28, baada ya vituo vya Sweden kuigundua mionzi hewani. Ukimya huo ulikuwa na gharama kwa watoto. Iodini-131, dutu ya mionzi iliyotoka mtamboni, iliangukia majani, ng'ombe wakayala, watoto wakanywa maziwa, na iodini ikajikusanya katika tezi ya shingoni. Dutu hiyo hupungua nusu kila baada ya siku 8, maana yake onyo rahisi la kutokunywa maziwa mabichi kwa wiki kadhaa, likitolewa mapema na kufika kila mahali, lingekinga tezi nyingi. Hadi mwaka 2005 visa zaidi ya 6,000 vya saratani ya tezi hiyo vilikuwa vimeripotiwa miongoni mwa waliokuwa watoto na vijana katika maeneo yaliyoathirika, na sehemu kubwa ya visa hivyo huhusishwa na maziwa hayo.

Ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima, nchini Japani, mwezi Machi 2011, ilionyesha upande mwingine wa shilingi. Hakuna aliyekufa kwa ugonjwa wa ghafla wa mionzi, lakini vifo zaidi ya 2,000 katika mkoa huo vimeandikwa kuwa vilitokana na uhamaji na maisha ya kuhamahama yaliyofuata, wengi wao wakiwa wazee. Kisha mwezi Aprili ajali hiyo ikapewa daraja la 7, lililo la juu kabisa katika kipimo cha kimataifa cha matukio ya nyuklia, sawa na Chernobyl, ingawa mionzi iliyotoka ilikuwa pungufu sana kuliko ile. Kwa wataalamu daraja lilikuwa sahihi. Kwa msomaji wa gazeti lilimaanisha Chernobyl ya pili. Hapo ndipo mwandishi wa aina yako angefaa kukaa chumba kimoja na waliolitangaza, saa moja kabla.

Ila ninayoirudia kila ninapofundisha ni Goiânia, nchini Brazili, mwezi Septemba 1987. Mashine ya tiba iliachwa katika zahanati iliyohamwa. Watu wawili wakaichukua kama chuma chakavu, kopo la siziamu-137, dutu itoayo mionzi, likapasuliwa, na unga wake uliokuwa uking'aa rangi ya buluu gizani ukagawanywa kwa ndugu na majirani kama kitu cha thamani. Watu wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka sita. Watu 249 walikutwa na uchafu wa mionzi, na takriban watu 112,000 walipimwa katika uwanja wa michezo. Katika mazishi, waandamanaji waliurushia mawe msafara wa jeneza la mtoto huyo. Wenyeji wa Goiânia walikataliwa hoteli mbali na mji wao, na wengi walilazimika kubeba vyeti vya kuonyesha kwamba ni wasafi.

Chanzo cha mawe yale ni tofauti moja ambayo ukiweza kuieleza umeianza kazi. Fikiria kandili. Aliyekaa mbele ya mwanga wake amemulikwa, na kandili ikizimwa yeye hatoki na mwanga wowote wa kumpa mwingine; ndivyo alivyo aliyepigwa eksirei. Lakini aliyeshika kioo chenye masizi amechafuka, na masizi hayo anaweza kumpaka mwenzake mpaka anawe. Wengi sana kati ya wale waliokataliwa hoteli hawakuwa wamemulikwa wala kuchafuka. Kabla hujatuma maombi popote, andika tofauti hiyo kwa maneno yako katika aya moja, umsomee mtu asiyehusika na fani hii, kisha mwombe akueleze alichokielewa. Ukikuta amesema mgonjwa wa eksirei akae mbali na watoto, iandike upya.